Nyumba Baada ya Utumwa



Jioni za huku Pepa ni za baridi. Ng'ombe wakisha kurudi zizini watu husogea motoni, na vijana wanaojua kusoma husoma. Siku moja, katika mafundisho ya ndoa, nilikuta kitabu kisicho na jalada kikipita mkono kwa mkono chini ya benchi. Nikakichukua kwa ukali. Usiku nikakifungua nipate sababu ya kukaripia, nikakisoma mpaka taa ikaisha mafuta.

Ilikuwa riwaya ya mapenzi ya zamani. Mwanamke amepoteza mchumba wake vitani. Mwanamume amerudi kutoka mbali na makovu yake. Wote wawili wamekwisha kata tamaa. Mwisho wanajenga nyumba, moto unawaka jikoni, na mtoto analia chumbani. Kesho yake nikamrudishia mwenyewe kitabu chake. Ndipo binti mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hayo ni mambo ya Ulaya. Wazee wetu waliouzwa na kununuliwa, je, nao walipata kupendana?" Sikuwa na jibu la upesi. Leo najaribu kumjibu.

Kwanza, hadithi hizo si za Ulaya tu. Mwaka 1934 James Mbotela wa Kenya alitoa kitabu chake Uhuru wa Watumwa, kinachosimulia watu waliotekwa, wakaokolewa, wakaanza maisha mapya Frere Town, karibu na Mombasa. Na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2021, aliandika mwaka 2020 riwaya iitwayo Afterlives. Humo Hamza, aliyekuwa askari wa Wadachi, anarudi pwani akiwa na jeraha; anampata Afiya, ambaye naye aliteswa utotoni, nao wanaoana. Lakini tuache vitabu, tutazame ziwa letu.

NCHI ILIYOVUNJWA NYUMBA

Kabla ya mwaka 1900 biashara ya pembe na watumwa iliiharibu sana nchi ya Marungu na kando zote za Tanganyika. Mateka walivushwa kwa mitumbwi mpaka Ujiji, kisha wakaenda kwa miguu Tabora na pwani. Tusidhani kwamba mtumwa ni mtu aliyefungwa mnyororo tu. Kwa desturi za nchi nyingi za huku, mtumwa ni mtu asiye na ndugu wa kumtetea. Mnyororo unaweza kukatwa kwa siku moja. Ndugu hawapatikani kwa siku moja. Kwa sababu hiyo aliyekombolewa alikuwa bado na njaa nyingine: njaa ya kuwa na mlango wake, na mtu wa kumwita kwa jina.

Mwaka 1885 Mapadre Weupe walipokea boma la Mpala, lililojengwa na Mbelgiji Storms mwaka 1883, na boma la Karema ng'ambo ya pili. Wakakomboa watoto wengi, wakawalea. Walipokua wakawaoza, wakawapa mahali pa kujenga na kulima, na mapadre wakasimama mahali pa wazazi. Lakini tuseme kweli yote. Si kila mmoja alifurahi: wengine walitoroka, maana kuchaguliwa na wakubwa, hata wakubwa wema, si sawa na kuchagua.

AGNES WAWILI

Mwaka 1887 alifika Mpala Kapteni Joubert, Mfaransa, aliyekuwa zamani askari wa Baba Mtakatifu. Jeshi hilo lilikwisha Roma iliposhindwa mwaka 1870, naye akabaki askari asiye na vita. Huku akapata kazi ya kulinda vijiji juu ya wakamata watumwa. Mwezi wa pili 1888, akiwa na umri karibu miaka 46, alimwoa Agnes Atakao, binti wa Kiafrika. Wakati ule Wazungu wengi walikaa na wanawake wa nchi bila ndoa, kisha wakawaacha na kurudi kwao. Joubert alifunga ndoa kanisani, akakaa na jamaa yake huku huku mpaka alipokufa mwaka 1927, mzee kipofu.

Ng'ambo, Karema, aliishi Adriano Atiman. Alizaliwa mbali sana, karibu na Timbuktu, akaibwa angali mtoto, akauzwa jangwani, akakombolewa na mapadre. Kardinali Lavigerie akampeleka Malta kusoma udaktari. Mwaka 1889 alikuwa Karema, hana jamaa hata mmoja katika nchi hii. Akaoa, na mkewe naye aliitwa Agnes kwa jina la ubatizo. Mtoto wao Yosefu akawa padre mwaka 1923. Atiman alitibu wagonjwa zaidi ya miaka 60, akafa mwaka 1956. Mtoto aliyeibwa kwa wazazi wake alikufa akiitwa baba.

MWANAMKE ALIYEJILIPIA

Lakini yule binti wa mafundisho angeuliza tena, "Na hao wanawake, nani aliwauliza?" Kwa hiyo namleta wa tatu, Bwanikwa, mwanamke wa Kiluba. Habari zake alizisimulia mwenyewe kwa mmisionari wa Kiprotestanti, Dugald Campbell, naye akaziandika. Aliuzwa mara kumi. Mwisho akakaa na mume, wakaishi pamoja. Lakini kwa desturi alihesabiwa bado kuwa mtumwa wa mumewe. Basi akafanya kazi, akaweka akiba kwa jasho la mikono yake, akamlipa mumewe fidia yake mwenyewe.

Fikirini jambo hilo. Mume anakula chakula chake, analala nyumbani mwake, na mke anahesabu mali ya kujikomboa kwake! Bwanikwa alitaka akiitwa mke awe mke kweli, si bidhaa iliyozoeleka nyumbani.

Hapo ndipo riwaya nyingi hufunga ukurasa upesi mno. Zinatuonyesha harusi, zinatuficha hesabu. Hata leo huku kwetu yuko mume anayemwambia mkewe, "Nilikutolea ng'ombe," kana kwamba mahari ni bei. Neno hilo moja linaweza kuzima moto wa jiko la miaka ishirini.

Basi, binti yangu, jibu langu ni hili: ndiyo, walipendana, wengine kwa furaha, wengine kwa taabu nyingi. Soma riwaya zako, lakini ukifika mwisho, uliza kama mwenye nyumba ile ni mtu huru. Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.