Baruti, reli na cheni ya Mshangano

Pale Mshangano, Songea, kwenye kijiwe cha bodaboda, ubishi ulianzia kwenye cheni. Fundi alikuwa amelifungua gurudumu la nyuma, mikono imejaa grisi, akaiinua cheni iliyolegea kama uzi wa mfumaji. "Spea ya Kichina hiyo," akasema kijana mwenye pikipiki. "Mchina hajawahi kubuni kitu, kazi yake kuiga." Mzee aliyekaa kwenye benchi akamjibu: "Mjukuu wangu, na hiyo pikipiki yenyewe imetoka wapi?"

Nilikuwa upande wa mzee, ila jibu lake lilikuwa fupi mno. Kadi ya pikipiki ya kijana yule ni karatasi, ufundi ambao Mchina Cai Lun aliupeleka kwa mfalme wa China mwaka 105. Na kuna uvumbuzi mwingine wa Kichina ambao Songea inaujua kwa machungu.

Katika karne ya 9, waganga wa China waliokuwa wakisaka dawa ya kumfanya mtu asife walichanganya shura, salfa na makaa. Mchanganyiko ukawaka. Kufikia mwaka 1044 kanuni za baruti zilikwisha kuandikwa katika kitabu cha vita, Wujing Zongyao. Maarifa hayo yakasafiri mpaka Ulaya, na Ulaya ikayatia kwenye mizinga na bunduki.

Vita vya Majimaji dhidi ya Mjerumani vilipofika Ungoni mwaka 1905, wapiganaji walitumia maji ya dawa wakiamini risasi zitageuka maji. Askari wa Mjerumani wengi walibeba Mauser za modeli ya 1871, zilizofyatua kwa baruti nyeusi, mchanganyiko uleule. Tarehe 27 Februari 1906 makumi ya mashujaa walinyongwa Songea. Wamelala katika kaburi la pamoja pale Mahenge ya Songea, penye Makumbusho ya Majimaji. Nduna Songea Mbano, aliyeupa mji huu jina, naye alinyongwa. Kila nikisimama pale nawawaza wale waganga wa China: walitafuta dawa ya kutokufa, wakapata baruti.

Mara ya pili ufundi wa Kichina ulikuja kwetu kwa mkopo. Benki ya Dunia na Uingereza walikwisha kuikataa reli ya kwenda Zambia, wakisema haitalipa. Mkataba na China ukatiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Mkopo ulikuwa wa yuan milioni 988, usio na riba. Ujenzi ulianza 1970, ukakamilika 1975, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Wachina zaidi ya 60 walifia kazini, wakazikwa huku. Sisi wa Songea tunaifuata reli hiyo Makambako.

Lisilosemwa sana ni hili: gharama za ndani za ujenzi zililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani kwetu. Mama aliyenunua kitambaa au sufuria ya Kichina miaka ile alikuwa anachangia reli bila kujua. Kwa hiyo "ya Kichina" iliingia majumbani mwetu ikiwa imebeba mataruma mgongoni.

Malalamiko ya kijana kuhusu cheni ni ya haki. Lakini viwanda vya China hutengeneza kwa madaraja, na anayechagua daraja la chini ni mwagizaji, kwa kuwa analijua pato la mteja wake.

Tena cheni ni chuma, na chuma kipo jirani, Liganga, wilayani Ludewa, katika nchi ya Wapangwa ambao zamani walifua majembe yao wenyewe. Mwaka 2011 serikali ilisaini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda kuchimba chuma hicho pamoja na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Wananchi wa eneo la mradi walianza kulipwa fidia mwaka 2023.

Fundi alifunga cheni mpya, iliyotoka China vilevile. Kijana akapiga kiki, na mzee akapanda nyuma.