Mshauri nasaha, unataka kazi za EAP? Soma hii kabla uweke sahihi

Umefungua ofisi yako ya ushauri nasaha. Viti ziko, tishu ziko mezani, lakini wateja ni wa kuhesabu na vidole na landilodi hajali. Kuna mlango mwingine: EAP, yaani mpango wa kusaidia wafanyakazi.

Inafanya aje?
Kampuni inalipia watu wake vikao na mshauri, mfanyakazi hatoi hata bob. Hii kitu ilianza Marekani miaka ya 1940, wakati kampuni kama DuPont na Eastman Kodak zilianza kusaidia wafanyakazi waliolemewa na pombe. Siku hizi inabeba kila kitu: madeni, ndoa, msiba, presha ya job. Mara nyingi kampuni haikutafuti wewe. Inapea kazi kampuni ya katikati yenye listi ya washauri, na hiyo listi ndiyo unataka kuingia.

Makaratasi
Kenya tuko na Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014, kwa hivyo hakikisha umesajiliwa na bodi yake na leseni haijaexpire. Weka tayari vyeti vya masomo na PIN ya KRA.

Doh
Unalipwa kwa kikao, na mara nyingi ni chini ya ile bei unachaji wateja wako. Uliza mapema: pesa inaingia baada ya siku ngapi? Mteja asipotokea, nalipwa? Kumbuka pia kodi ya zuio ya asilimia 5 inakatwa kwa ada za kitaalamu. Tunza cheti chake, utakihitaji ukifaili ritani.

Vikao navyo huwa vichache, mara nyingi vitatu hadi nane. Mtu aliyeumia sana hawezi pona kwa vikao vinne, so uliza kama unaruhusiwa kuendelea naye akijilipia. Mikataba mingine inakataza, na huwezi kumwacha mtu katikati ya daraja.

Siri ni ya nani?
Hapa ndipo kuna noma. Bosi ndiye analipa, lakini siri ni ya mteja. HR anafaa kupata hesabu tu: watu wangapi, vikao vingapi, bila majina. Na chunga, ofisi ikiwa na watu kumi, kuandika "mwanamke mmoja wa uhasibu" ni kama umetaja jina. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Kama ni HR amemtuma, kubalianeni kwa maandishi ni nini kitaripotiwa, na mteja aambiwe siku ya kwanza. Mwambie pia ni lini siri inaweza kuvunjwa, kama maisha yakiwa hatarini.

Mkataba ukidai majina au maelezo ya vikao, usiweke sahihi. Mfanyakazi mmoja akisikia stori yake imefika kwa bosi, harudi tena, na wenzake hawatakuja.