Kuloba kwa Kupumzika: Historia ya Ndoano na Mashua katika Ziwa Nzilo

Tukitaja mila za hapa kwetu Kolwezi na mji wote wa shaba, kila mtu anafikiria kwanza mawe: wazee walioyeyusha malakiti katika tanuru za udongo, misalaba ya shaba, halafu kampani na machimbo yake. Samaki hawapewi nafasi. Na kuloba samaki kwa kupumzika, siku ya yenga, ndani ya mashua ya mtu binafsi, wengi watasema: ile si mila yetu, ile ni mambo ya wazungu wa kampani.

Sisi tunaona kwamba jibu hilo ni la haraka sana. Ndoano ilikuwa yetu kabla ya kampani kuzaliwa. Kitu kigeni kilikuwa kingine, yaani kuingia majini bila kusukumwa na njaa. Na historia ya mchezo huu inatuonyesha, kuliko hesabu za ofisi, ni wakati gani mji wetu ulipumua na ni wakati gani ulikosa pumzi.

1. Ndoano ya wazee

Tukishuka na Lualaba kupita Bukama, tunafika kwenye maziwa ya Upemba na Kisale. Pale Sanga, kando ya Kisale, Jacques Nenquin alifanya kazi ya kuchimbua makaburi ya wakaaji wa zamani mwaka 1957, na Pierre de Maret akaendelea katika miaka ya 1970. Mengi ya makaburi yale yana umri wa miaka karibu elfu moja, na mengine zaidi. Ndani yake walikuta vyungu, mapambo ya shaba, na pia ndoano na vyusa vya chuma. Katika makaburi ya baadaye ikaonekana misalaba ya shaba.

Tufikiri kidogo hapo. Udongo wa Upemba hauna shaba. Shaba ile ilipanda kutoka kusini, yaani kutoka upande wetu wa machimbo. Na watu wa maziwa walikuwa na nini cha kutoa? Wanahistoria wanataja kati ya mengine samaki waliokaushwa, maana samaki mkavu anaweza kusafiri mbali bila kuoza. Kwa hiyo shaba na samaki ni ndugu wa zamani. Mmoja aliteremka na mwingine akapanda, wakakutana njiani.

Lakini uvuvi wa wazee haukuwa mchezo. Walivua kwa mitego ya kusuka, kwa vizuizi vya matete, kwa nyavu, na wakati wa kiangazi kwa dawa ya majani inayolevya samaki katika vidimbwi. Maji yalikuwa na wenyewe, na mtu hakuingia tu kama anavyotaka. Mtoto aliloba kandokando kwa fimbo na uzi, akileta nyumbani kitoweo kidogo. Labda furaha ilikuwepo, nani atasema haikuwepo? Ila hakuna aliyeenda mtoni kwa furaha peke yake.

2. Baraji inazaa ziwa

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mji wa Kolwezi ulifuata baadaye, mwaka 1937. Kuyeyusha na kusafisha shaba kunataka umeme mwingi, na umeme ulitafutwa kwenye maporomoko ya mito. Wa kwanza ulikuwa Lufira, pale Mwadingusha, ambapo kituo kilianza kazi mwaka 1930, na nyuma ya baraji ile likazaliwa ziwa tunaloliita Tshangalele. Halafu wakageukia Lualaba. Pale Nzilo, mto unapoingia katika magenge membamba, walijenga ukuta wa kuzuia maji, na kituo cha umeme kikaanza mwaka 1952. Nguvu yake ni megawati 108. Kituo cha Nseke kilifuata chini zaidi mwaka 1956.

Wakati ule baraji na ziwa vilipewa jina la Delcommune, yule Mbelgiji aliyepita Katanga mwaka 1891. Katika miaka ya 1970 jina la Nzilo lilirudi mahali pake.

Ziwa halikujengwa kwa ajili ya samaki. Lilijengwa kwa ajili ya shaba. Lakini maji yakisimama, samaki nao wanabadilika: wale wanaopenda maji ya mbio wanapungua, wale wa maji tulivu, kama tilapia na kambale, wanapata nyumba kubwa. Katika miaka ile ile, kituo cha Kipopo karibu na Lubumbashi kilikuwa kinachunguza namna ya kufuga tilapia katika vidimbwi, maana kampani na serikali zilikuwa zinatafuta nyama ya samaki kwa wafanyakazi. Samaki wa Upemba walikuwa tayari wanapanda treni, tangu njia ya reli ilipofika Bukama mwaka 1918.

3. Mashua za siku ya yenga

Hivyo ndivyo mchezo ulivyoingia. Wazungu wa kampani walikuwa na mshahara, gari, na siku ya kupumzika. Walipeleka ziwani mashua ndogo, nyingine za tanga, nyingine za mota. Walikuwa na fimbo zenye gurudumu la kukunjia uzi, na samaki wa bandia wa bati au mbao wenye ndoano tumboni. Mashua inakwenda polepole, chambo kinakokotwa nyuma yake, na mtu anangoja.

Namna hiyo ya kukokota chambo haikuzaliwa katika maziwa yetu. Baharini inajulikana sana. Katika pwani ya Kenya, pande za Malindi, Watamu na Shimoni, watu wenye mashua zao wanatoka hivyo hivyo kutafuta sulisuli, na yule samaki mrefu wa mistari ya buluu anayeitwa wahoo, mwenye mbio kali na meno ya kukata. Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, alivua katika pwani hiyo mwaka 1934. Kwa sababu ya meno ya wahoo, mvuvi anafunga waya mfupi wa chuma kati ya uzi na ndoano. Bila waya, uzi unakatika mara moja.

Sisi tuko mbali na bahari zote mbili, lakini Lualaba ina samaki wake wa meno. Kule chini, Bukama na Upemba, yuko mbenga, ambaye wataalamu walimpa jina la goliathi mwaka 1898 kwa ajili ya ukubwa wake. Kwake pia waya ni lazima. Mwaka 1988 aliyekamatwa kwa fimbo karibu na Kinshasa alikuwa na kilo 44, na akaandikwa katika hesabu za dunia. Kwa hiyo anayejua kumfuata wahoo baharini angeelewa haraka kazi ya kumfuata mbenga, maana akili ya mchezo ni moja.

Hapa ndipo tunataka msomaji asimame. Mashua ilikuwa ya mzungu, fimbo ilikuwa ya mzungu, lakini mashua haijui ziwa. Mahali mto wa zamani unapopita chini ya maji, ghuba ambamo tilapia wanatengeneza viota, saa ambayo upepo wa kiangazi unageuka: maarifa hayo yalikuwa ya mwenyeji, yule aliyekaa kijijini kabla maji hayajapanda. Picha za wakati ule zilipendelea kumwonyesha mwenye mashua na samaki wake. Mwenye kushika kasia haonekani sana, na jina lake halikuandikwa.

Tarehe 1 Januari 1967 mali ya Union Minière ilichukuliwa na serikali, na baadaye kampani ikaitwa Gécamines. Kadre Wakongomani wakaingia katika nyumba na mahali pa kupumzikia ambapo zamani walikatazwa. Wengine wakapenda ziwa. Vita ya Mei 1978 ilifanya wazungu wengi waondoke Kolwezi kwa siku chache tu, na mambo mengi waliyoyaacha yakabaki kwa wenyeji.

4. Njaa inaingia ziwani

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba. Mwaka 1994 zilikuwa karibu tani 30,000. Katikati hapo kulikuwa na kuanguka kwa chimbo la Kamoto Septemba 1990, uporaji wa mwaka 1991, na kufukuzwa kwa ndugu zetu wenye asili ya Kasai mwaka 1992 na 1993. Mshahara ukawa wa kuchelewa, halafu wa kukosekana miezi na miezi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ule mpango ulioitwa wa hiari.

Nani angeenda kuloba kwa kupumzika wakati ule? Mtu aliyezoea ndoano moja akanunua wavu. Asiye na wavu akatumia chandarua cha mbu, chenye matundu madogo kiasi cha kuzoa hata vifaranga vya samaki. Kile kilichokuwa mchezo kwa wachache kikarudi kuwa chakula kwa wengi. Hatuwezi kuwalaumu wazazi waliokuwa wanatafuta sahani ya jioni. Lakini tukubali kwamba njaa haina subira ya ndoano.

5. Leo, na kesho

Tangu mwaka 2015 Kolwezi ni mji mkuu wa provinsi ya Lualaba, na kobalti imeleta tena makuta kwa wengine. Ziwa Nzilo limekuwa tena mahali pa kutembea mwisho wa juma. Vijana wanapiga picha, wazee wanakula tilapia wa kuchoma. Ila hatari mpya si wavu peke yake. Mwaka 2010 wachunguzi wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walichapisha matokeo juu ya Lufira ya juu: shaba, kobalti na madini mengine yameingia katika majani ya maji na katika samaki wenyewe. Lufira ni jirani. Hapa kwetu Luilu na Musonoi zinapita kando ya viwanda na machimbo zikiteremkia Lualaba. Asiye na haraka ya kujua hali ya maji yetu na akumbuke kwamba samaki huingia sahani ya tajiri na ya maskini.

Tunaomba basi mambo matatu. Kwanza, wazee waliofanya kazi ziwani waulizwe wangali hai: majina ya vijito na vijiji vilivyofunikwa na maji, majina ya samaki katika Kisanga, Kindembo na Kiluba, na majina ya wale walioshika kasia. Pili, wenye mashua na wavuvi wa nyavu wakae pamoja, wakubaliane kuziacha ghuba za viota wakati wa mvua, samaki wanapozaa. Tatu, watoto wetu wafundishwe kuloba kwa ndoano moja na kurudisha mdogo majini.

Ziwa lile lilitengenezwa ili shaba iyeyuke, na mwaka shaba itakapokwisha maji yatabaki pale. Tusingoje mwaka huo ndipo tuanze kuuliza kama ndani yake bado kuna kitu kinachovuta uzi.