Nirushie

"Nirushie PDF." Ombi hili hupita kwenye makundi ya WhatsApp kila riwaya mpya ya Kiswahili inapotoka, na anayelitoa mara nyingi ni mtu mwema kabisa. Kitenzi kurusha ndicho kinachomsaidia. Vinavyorushwa ni vitu vyepesi: mpira, tiara, kijiwe. Ukirusha faili, wewe unabaki nalo, mwenzako analipata, na hakuna anayeonekana kupungukiwa. Angesema "niibie", nani angemjibu?

Jina kali la kitendo hicho ni uharamia. Haramia ni mnyang'anyi wa baharini au njiani, na jina lake lina shina moja na haramu. Ni zito mno kwa mwanafunzi ambaye duka pekee la vitabu mjini kwake linauza madaftari na vitabu vya kiada. Hoja yake naiheshimu. Ile ya "mwandishi keshapata zake" siikubali hata kidogo: mrabaha hulipwa kwa nakala iliyouzwa, na riwaya isiyosomwa shuleni huuzwa polepole mno.

Sheria ya Tanzania ya 1999 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Ulinzi huo tumeuita hakimiliki, neno kavu la ofisini. Ningependa tuseme jasho, maana Kiswahili tayari kinajua maana ya kula jasho la mtu.

Wanaoniomba niwarushie nawaazima nakala yangu ya karatasi. Kitenzi hicho kina masharti: kitabu kinatoka mkononi mwangu, nami nakidai.