Selimundu
Selimundu, maradhi ya kurithi ambayo chembe nyekundu za damu hupinda mithili ya mundu oksijeni ipunguapo, ni mfano bora wa uteuzi wa asili kwa mtahiniwa wa Vugiri, kata ya milimani wilayani Korogwe, ambako baridi huipunguza malaria iliyotamalaki bondeni. Mwaka 1954 tabibu A. C. Allison alibainisha, kwa uchunguzi alioufanya Afrika Mashariki, kwamba mwenye jeni moja tu ya selimundu hupata hifadhi dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu jeni hiyo, ijapokuwa yaua, haikutoweka. Wazazi wawili, kila mmoja mwenye jeni moja tu ya selimundu, wana uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa katika kila mimba, wala si lazima mmoja kati ya wanne augue, kama wengi wakaririvyo.