Mwaka 1969 na Uadimu wa Saa Kongwe za Kronografu

Kronografu ni saa ya mkono ambayo, mbali na kuonesha majira, hupima muda wa tukio: kitufe kikibonyezwa mshale huanza kuhesabu sekunde, kikibonyezwa tena husimama. Thamani ya saa kongwe za aina hii haitokani na uzee pekee. Hutegemea pia tarehe ya kutengenezwa na uchache wa zile zilizosalia na sehemu zake za asili.

Katika historia hiyo, mwaka 1969 una nafasi ya pekee. Hadi wakati huo, kronografu zilizokuwa sokoni zilitiwa ufunguo kwa mkono. Tarehe 10 Januari, kampuni ya Zenith ya Uswisi ilitangaza El Primero, mtambo unaojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono wa mvaaji na wenye uwezo wa kupima sehemu ya kumi ya sekunde. Tarehe 3 Machi, Heuer, Breitling na washirika wao walizindua mtambo wao mjini Geneva na New York. Mwezi Mei, Seiko ya Japani ilianza kuuza saa yenye mtambo wa 6139. Kwa hiyo, aliyetangulia hutegemea kinachohesabiwa: tangazo au mauzo.

Tarehe ya kutengenezwa husomwa kwenye saa yenyewe. Katika Seiko za kipindi hicho, tarakimu ya kwanza ya namba iliyo kwenye mfuniko wa nyuma huonesha mwaka, na alama ya pili huonesha mwezi. Hata hivyo, tarakimu 9 yaweza kumaanisha 1969 au 1979. Mnunuzi asiyelinganisha namba hiyo na toleo la saa aweza kulipia uadimu usiokuwapo.

Uadimu huweza pia kuletwa na uamuzi wa kiutawala. Mwaka 1975, Zenith ikiwa chini ya wamiliki wa Marekani, kiwanda kiliagizwa kusitisha mitambo ya kimakanika na kugeukia saa za betri. Charles Vermot, fundi katika kiwanda cha Le Locle, hakukubali elimu hiyo ipotee. Alificha zana na michoro darini, akaandika kila kitu na mahali kilipowekwa.

Kumbukumbu hizo ndizo zilizowezesha uzalishaji kurejea katika miaka ya 1980 bila kuunda upya zana zote. Mwaka 1988, Rolex iliutumia mtambo huo, baada ya kuurekebisha, katika saa zake za Daytona.

Hivyo, El Primero za kabla ya usitishaji huo hutafutwa sana na wakusanyaji, huku zile za baadaye zikidaiwa kuwapo kwake na orodha ya fundi mmoja aliyetunza kumbukumbu zilipokuwa hazihitajiki.