Kufanywa upya nia (Butembo na Beni)

Kufanywa upya nia ni fundisho la Mtume Paulo (Warumi 12:2) kwamba Mkristo hukua kiroho anapoacha kufuata mkondo wa dunia na kujifunza kupambanua mapenzi ya Mungu. Huko Kivu Kaskazini, nchini Kongo, lilihubiriwa na mapadre Waasumpsio tangu 1929, na vilevile na Wabaptisti.

Kielelezo chake bora ni Emmanuel Kataliko, askofu wa Butembo-Beni 1966–1997, kisha Askofu Mkuu wa Bukavu. Barua yake ya Noeli 1999 ilikemea uporaji uliofanywa na wageni, lakini pia kuporomoka kwa maadili miongoni mwa Wakongo wenyewe. Hapo ndipo uzito wa barua hiyo ulipo: aliwataka waliodhulumiwa wajichunguze, wakatae chuki na woga pamoja. Februari 2000 waasi wa RCD (Rassemblement congolais pour la démocratie) walimpeleka uhamishoni Butembo, kati ya waamini aliowalea miaka thelathini. Alirudi Bukavu Septemba 2000, akafariki nchini Italia tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo.

Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia eneo la Beni yamelifanya fundisho hili kuwa mtihani mkali, hasa katika kusamehe.